Nakatwa asilimia 2 ya chama ambacho sijajiunga. Je, ni halali?

*Shikamoo mzee. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha vifungashio hapa Dar es Salaam, huu ni mwaka wa nne. Mshahara wangu wa msingi ni Sh 312,000. Kila mwezi kwenye slipu kuna makato ya Sh 6,240 yameandikwa "chama", na mimi sijawahi kujaza fomu ya kujiunga na chama chochote. Nilipomuuliza supavaiza alinijibu "waulize chama chenu", halafu akaongeza kwamba wanaoulizauliza huwa hawamalizi mwaka. Tuko 140 kwenye uzalishaji, wenye kadi ya chama hawafiki 40, na faida yao sijaiona zaidi ya fulana za Mei Mosi. Shifti zetu ni za saa 12, mapumziko saa moja, siku sita. Wiki hii mchana, wiki ijayo usiku. Ovataimu ni Sh 5,000 kwa shifti, wote sawa. Naomba kujua, hayo makato ni halali? Na nikitaka yakome nianzie wapi?*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kikokotoo mkononi, maana ndani yake mna madai mawili na wewe umeuliza moja tu. Hilo la pili ndilo kubwa. Ila nianze na ulilouliza.

Kukatwa fedha ya chama bila kujiunga kunaweza kuwa halali. Najua jibu hilo linakera. Kwa Tanzania Bara tunaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, na sheria hiyo inayatambua makato ya aina mbili yanayokwenda chamani. Slipu nyingi huyaandika yote kwa neno moja, "chama", na vurugu inaanzia hapo. (Ungekuwa Unguja au Pemba ningekujibu kwa sheria nyingine, Zanzibar wana zao za mwaka 2005.)

Kuna ada ya uanachama. Hiyo haiguswi mpaka mfanyakazi mwenyewe asaini fomu, ile inayojulikana kama TUF 6. Chama kinaipeleka kwa mwajiri, naye anaanza kukata ndani ya siku 30. Mwezi ukiisha ana siku 7 za kuzifikisha hizo fedha chamani, na akizikalia bila sababu ya msingi anadaiwa nyongeza ya asilimia 5 kwa kila siku ya kuchelewa, kiasi ambacho hata kausha damu wa mtaani angekionea haya. Aliyesaini akibadili mawazo, anatoa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja na makato yanakoma.

Halafu kuna ada ya uwakala. Hii haihitaji saini yako. Chama kinachotambuliwa na mwajiri wako kinaweza kukubaliana naye, kwa mkataba wa maandishi, kwamba wafanyakazi wa kundi kinaloliwakilisha ambao si wanachama nao wakatwe. Hoja yake ni ile ile ya ulinzi shirikishi mtaani kwako: walinzi wakipita usiku hawaruki nyumba ya asiyehudhuria kikao, kwa hiyo mchango unadaiwa kila mlango. Chama kikipata nyongeza ya mshahara, wewe usiye na kadi unaipata pia. Walimu wa shule za serikali wamelipigia kelele jambo hili miaka na miaka, na ninawaelewa, lakini hoja yenyewe si ya kipuuzi.

Kwa kuwa makato hayo yanakwenda bila ridhaa yako, sheria imeyawekea vizingiti. Hayawezi kuzidi ada anayokatwa mwanachama. Hayakufanyi mwanachama, na mkataba wowote unaolazimisha mtu kujiunga na chama hauna nguvu. Fedha inatakiwa iingie kwenye akaunti ya peke yake, itumike kuendeleza au kutetea maslahi ya wafanyakazi wa mahali hapo pa kazi, na isiende hata shilingi kwa chama cha siasa wala kwa mgombea. Rudia hapo kwenye "mahali hapo pa kazi". Sheria haisemi makao makuu wala gari la katibu. Inasema ninyi.

Kwa hiyo uhalali wa Sh 6,240 yako uko kwenye karatasi moja: mkataba wa hali bora za kazi kati ya chama na mwajiri wako, na kama humo ndani kuna kifungu cha ada ya uwakala. Kifungu kikiwepo, makato yana mahali pa kusimama. Kisipokuwepo, na wewe hukusaini fomu, basi mwajiri anakata mshahara wako bila ruhusa ya sheria wala ya mkataba, na hiyo ni fedha ya kurudishwa. Kuiomba karatasi hiyo si utovu wa nidhamu. Sheria inamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi ya malipo yako, yakionyesha kila makato na sababu yake. Neno "chama" peke yake si sababu. Andika barua fupi kwa ofisi ya utumishi, mistari mitatu inatosha: makato haya ni ada ya uanachama au ya uwakala, kama ni ya uanachama naomba nakala ya fomu niliyosaini, kama ni ya uwakala naomba kuuona mkataba. Weka tarehe, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, mpe mwenzako mmoja ashuhudie ukiikabidhi, naye aandike jina lake nyuma ya nakala yako.

Sasa kuna jambo kwenye barua yako ambalo sidhani ulijua uzito wake ulipoliandika. Umesema mko 140 na wenye kadi hawafiki 40.

Chama hakiwi msemaji wa wafanyakazi kwa kuwa na ofisi na bendera. Ili mwajiri alazimike kukitambua na kujadiliana nacho, kinatakiwa kiwe kimesajiliwa na kiwe na wanachama zaidi ya nusu ya kundi kinalotaka kuliwakilisha. Kwa watu 140 nusu ni 70, kwa hiyo wanatakiwa wasiopungua 71. Na ninyi mnaokatwa ada ya uwakala hamhesabiwi, kwa kuwa si wanachama. Chama kikishuka chini ya nusu, sheria inamwelekeza mwajiri akipe notisi ya miezi mitatu kirudishe wingi wake, na kikishindwa aondoe utambuzi. Utambuzi ukiondoka, ada ya uwakala haina pa kushika.

Usikimbilie kusherehekea. Kwanza, kundi linalowakilishwa si lazima liwe ninyi 140 tu. Kama mwajiri wako ana kiwanda kingine, au madereva na watu wa stoo wameingizwa humo, hesabu inabadilika. Kundi lenyewe limeelezwa kwenye ule ule mkataba, sababu nyingine ya kuutafuta. Pili, jiulize kwa nini mwajiri mwenye haki ya kutoa notisi hiyo hajaitoa. Nimekaa meza hizi miaka mingi, na nimejifunza kuwa na wasiwasi na mwajiri anayekikatia kwa uaminifu chama kisicho na watu. Chama cha watu 40 kinacholipiwa na watu 140 hakina njaa. Kiongozi wake hana haja ya kuja kwenye mashine yako saa nane usiku kukushawishi, mshahara wako umeshamfuata ofisini. Na mwajiri naye amepata mtu wa kusaini naye asiyemsumbua. Hapo kila mtu ana amani isipokuwa anayekatwa.

Ungeweza kuubomoa mpango huo. Ukiwa na ushahidi wa idadi, mlango wa kuingilia upo, nitakuonyesha mbele. Lakini kabla hujashika nyundo, ngoja nikuonyeshe kilichonifanya nichukue kikokotoo.

Sheria inaweka ukomo wa saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, siku zisizozidi sita. Zaidi ya hapo ni ovataimu, na ovataimu ni lazima ilipwe mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Kuupata mshahara wa saa kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inaufanya mwezi kuwa wiki 4.333, zidisha kwa saa 45, unapata 195. Gawanya 312,000 kwa 195, unapata Sh 1,600. Saa ya ovataimu, basi, ni Sh 2,400.

Shifti zenu ni za saa 12 ukitoa saa moja ya mapumziko, yaani saa 11 kwa siku sita, saa 66 kwa wiki. Toa 45, zinabaki 21 za ovataimu. Zidisha kwa 2,400: Sh 50,400 kwa wiki. Unalipwa Sh 5,000 mara sita, Sh 30,000. Kila wiki unaacha pale getini Sh 20,400. Kwa wiki nne ni Sh 81,600, na bado sijagusa usiku. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi inaongezwa angalau asilimia 5 ya mshahara wa saa, kwako Sh 80 kwa kila saa, na kama saa hiyo ni ya ovataimu asilimia 5 hiyo inapigwa kwenye Sh 2,400. Ukichukulia kiwango cha chini tu, wiki mbili za usiku ndani ya nne zinaongeza Sh 8,640. Jumla ni Sh 90,240.

Wewe umeniandikia kuhusu Sh 6,240.

Sikucheki, mwanangu. Makato yameandikwa kwenye slipu, yana jina, unayaona kila mwezi na kila mwezi yanauma. Ambacho hakikuandikwa hakiumi. Ndiyo maana mwajiri mjanja hukulipa ovataimu kwa bei ya jumla, elfu tano tano, noti safi isiyohitaji hesabu. Mtu akishaizoea anaihesabu kama posho, na posho huwa hatuihoji.

Kuna zaidi ya fedha hapo. Ovataimu ina ukomo wa saa 50 kwa kila wiki nne. Ninyi mnafanya 84. Hata kama mwajiri angelipa kila senti, bado ratiba yenyewe inavunja sheria, na sababu ya ukomo huo ni vidole na macho ya watu wanaosimama kwenye mashine za kukata wakiwa wamesinzia. Atakapobanwa, mwajiri atakwambia mlisaini kufanya kazi shifti za saa 12. Kweli, sheria inaruhusu makubaliano ya maandishi ya kufanya hadi saa 12 kwa siku, saa za kula zikiwemo, bila ovataimu. Lakini makubaliano hayo hayavuki siku tano kwa wiki, hayavuki saa 45 za kawaida, na ovataimu juu yake haizidi saa 10 kwa wiki. Siku sita mfululizo za shifti kama zenu haziingii humo hata uzisukume vipi.

Na kwa kuwa wengi huniuliza kima cha chini, nikutolee hilo njiani. Amri ya mishahara ya sekta binafsi iliyoanza 1 Januari 2023 iliweka Sh 150,000 kwa viwanda na biashara, na mpya imeanza 1 Januari 2026. Ile Sh 358,322 uliyoisikia redioni ni wastani wa sekta zote, kutoka wastani wa Sh 275,060. Si haki ya kila mfanyakazi. Usiende ofisini kuidai ukaonekana hujui unachosema. Tafuta mstari wa sekta yako kwenye amri yenyewe. Wala usidanganyike kwamba ukizidi kima cha chini basi umelipwa haki. Kima cha chini ni sakafu, na mkataba wa hali bora upo ili watu wasimame juu ya sakafu.

Turudi kwenye chama. Kwa nini vyama vyetu vinafanana na ofisi za serikali kuliko na wafanyakazi? Umri wangu unaniruhusu kukukumbusha. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 shirikisho huru la vyama, TFL, ambalo Rashidi Kawawa alikuwa katibu mkuu wake wa kwanza tangu 1955, lilivunjwa. Ikaundwa NUTA, chama kimoja kwa wafanyakazi wote, na katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huo huo Waziri wa Kazi. Ikaja JUWATA mwaka 1978, jumuiya ya chama tawala, kisha OTTU mwaka 1991. Miaka hiyo yote ada iliingia yenyewe. Kizazi kizima cha viongozi kilikua bila kulazimika kumwomba mfanyakazi chochote. Sheria ya 2004 imebadilisha karatasi. Tabia haibadilishwi na Gazeti la Serikali.

Lakini usifikiri wafanyakazi wa zamani walikaa kimya. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, ibara ya 15, ulikemea viongozi wenye majivuno, ubadhirifu na ukandamizaji, na wafanyakazi viwandani wakaushika kama ngao. Mkubwa wa kazi akimtukana mtu, mashine zilisimama. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimfungia nje mwenye kiwanda na kuendesha uzalishaji wenyewe. Serikali iliyoandika Mwongozo haikufurahia kuona umesomwa kwa bidii kiasi hicho.

Nikuambie kisa changu. Nilipokuwa katibu wa tawi kwenye kiwanda kimoja upande wa Temeke, tuliingia kwenye mazungumzo yetu ya kwanza tukiwa tumepandwa na hasira. Tukadai nyongeza ya asilimia 40. Meneja, mtu mpole kweli kweli, akauliza: "Asilimia 40 mmeipataje?" Tukatazamana. Hatukuwa na jibu. Ilikuwa namba iliyosikika vizuri kwenye mkutano. Tukatoka na sabuni za mche na ahadi ya maziwa. Mara ya pili tuliingia na daftari. Mwenzetu mmoja, fundi wa boila aliyeishia darasa la saba, alikuwa ameandika kwa miezi mitano saa alizoingia na kutoka yeye na watu kumi na wawili wa shifti yake. Hakukuwa na hotuba siku ile. Meneja alifungua kurasa mbili, akaomba mapumziko, na mhasibu akaitwa. Mazungumzo yalichukua miezi saba, sikufichi, lakini ovataimu ilianza kulipwa kwa saa mwezi uliofuata.

Ninachokushauri kinafuata hapo. Usiandike barua ya kutaka makato yakome. Jiunge.

Nakuona ukikunja uso. Angalia hali yako ilivyo: unalipa sawa na mwanachama na huna kura. Kumchagua mwenyekiti wa tawi huwezi, kumng'oa huwezi, na mkutano wa tawi si wako. Watu kama mia moja pale kwenu mko hivyo hivyo. Ninyi 140 mkikatwa kila mmoja kama wewe, ni Sh 873,600 kwa mwezi, zaidi ya milioni kumi kwa mwaka. Fedha hiyo inasimamiwa na viongozi waliochaguliwa na watu wasiofika 40, na huenda kwenye uchaguzi wenyewe walijitokeza kumi na tano. Watu thelathini na tano wa shifti yako wakijaza TUF 6 wiki moja, uongozi wa tawi unabadilika kwenye mkutano unaofuata. Gharama yake ni sifuri, maana fedha mnakatwa tayari. Hakikisheni tu ofisi ya utumishi inafuta makato ya uwakala inapoanza ya uanachama. Nimeona slipu za watu waliokatwa yote mawili.

Mkishakuwa wanachama, daini mambo kwa mpangilio. Hesabu kwanza. Chama kinatakiwa kukaguliwa hesabu zake kila mwaka, kuzipeleka kwa Msajili wa vyama na kuziweka wazi kwa wanachama, na ile akaunti ya peke yake haina siri kwenu. Ulizeni imelipia nini tangu mwaka jana. Jibu likiwa fulana na kofia za Mei Mosi, liandikeni kwenye muhtasari wa kikao kama lilivyo. Kisha wawakilishi. Wanachama 21 hadi 100 wana haki ya wawakilishi 10 mahali pa kazi, wakizidi 100 ni 15, na angalau watano wawe wa kuwakilisha wanawake. Wawakilishi hao wanapewa muda wa kazi wenye malipo kufanya shughuli zao. Pale kwenu wapo wangapi? Nadhani yupo mmoja, na yuko shifti ya mchana daima.

Halafu mkataba. Mwajiri analazimika kujadiliana kwa nia njema na chama anachokitambua, na kukipa taarifa zinazohitajika ili mazungumzo yawe ya maana. Hapo ndipo madaftari yanapoingia. Anza lako leo: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, ulicholipwa. Daftari la mtu mmoja ni malalamiko. La watu thelathini ni hoja.

Kuhusu supavaiza na kauli yake kwamba wanaouliza hawamalizi mwaka. Kumwachisha mtu kazi au kumbagua kwa sababu ya chama, awe amejiunga au ameuliza, ni kosa, na kuachishwa kwa sababu hiyo si halali hata barua iandikwe kwa lugha tamu namna gani. Umemaliza miezi sita zamani, kwa hiyo kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki inakuhusu kikamilifu. Wenzako wanaoitwa vibarua nao wasikae pembeni wakidhani hawahusiki. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa hata kama mkataba unamwita jina lingine, akiwa kwa mfano amefanya kazi kwa mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Ninyi mnazimaliza hizo 45 kabla wiki haijaisha. Lakini sitakudanganya kwamba sheria inazuia ngumi. Inazuia ngumi isisahaulike. Andika maneno yake kwenye daftari lile lile, tarehe na nani alikuwepo, na usiende kuuliza chochote peke yako tena. Watatu wakiingia ofisini pamoja, hakuna "mchochezi" wa kuandikwa jina.

Ikishindikana ndani, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Unajaza fomu CMA F.1, nakala moja kwa mwajiri, na kiongozi wa chama anaweza kukuwakilisha. Muda ndio unaowaponza watu: siku 30 tangu kuachishwa kazi kama mgogoro ni wa kuachishwa, siku 60 kwa migogoro mingine tangu ilipoanza. Mwenye kuchelewa anaanza kwa kuomba radhi ya muda kabla hajasikilizwa kosa alilotendewa. Suala la idadi ya wanachama na uhalali wa ada ya uwakala nalo linaanzia kwa usuluhishi huko huko, na likishindikana linapanda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Nimekuahidi mlango wa nyundo, ndio huo. Ningeuacha wa mwisho, kwa sababu mkishinda mtabaki na Sh 6,240 mfukoni, Sh 5,000 kwa shifti, na hakuna chama cha kuzungumzia ile 90,240.

Na mgomo? Ukisikia kijana yeyote anasema "tuzime mashine kesho", mkalishe chini. Mgomo halali upo: mgogoro wa maslahi, yaani wa kudai jambo ambalo bado si haki iliyoandikwa, unapelekwa Tume, unasuluhishwa kwa siku 30, wanachama wanapiga kura, na mwajiri anapewa notisi ya saa 48. Mkifuata njia hiyo mwajiri haruhusiwi kuleta watu wa kujaza nafasi zenu. Mkizima tu, mmempa sababu aliyokuwa anaitafuta. Ovataimu isiyolipwa, tena, si jambo la kugomea. Ni haki iliyoandikwa tayari, inadaiwa kwa daftari mbele ya msuluhishi.

Siku ukiipata nakala ya mkataba wa hali bora, fungua ukurasa wa saini kwanza uone tarehe, halafu tafuta kipengele cha ovataimu. Ninashuku, na naomba niwe nimekosea, kwamba ile elfu tano imo humo, imesainiwa na chama chenu wenyewe. Kama imo, usikate tamaa: mkataba hauwezi kushusha malipo ya ovataimu chini ya yaliyowekwa na sheria. Lakini utakuwa umelijua jina la mtu wa kuulizwa kwenye mkutano wa kwanza wa tawi utakaohudhuria ukiwa na kadi.